Si Wale, Ni Vile

Gari letu halina paa wala milango.
Risasi ya kawaida ingelitoboa
kama msumari na kopo la maziwa.
"Ngao yenu ni kilima," husema Sajini Pocock,
mtu wa Devizes, masikio mekundu kwa baridi,
"na kilima hakishiki kutu."

Machi, uwanda wa Salisbury,
tope jeupe la chaki limetufika magotini.
Rowse kwenye usukani, Naivalu redioni,
na mimi, Mwakio, nyuma ya kombora,
jicho moja wazi, jingine nimeliweka akiba.

Pocock huyarudia kila asubuhi:
usipande mgongo wa kilima, anga litakuchongea.
Pita bondeni, simama chini ya ukingo,
darubini peke yake ichungulie
kama mdeni anayesikia hodi.
Pua ya gari ielekee ulikotoka.
Acha cha kwanza kipite. Na cha pili.
Usipige usoni, ndiko chuma kilikonenepa;
ngoja kigeuze ubavu.
Ukishapiga, hama,
moshi wako ni barua
uliyoiandika anwani kwa mkono wako.

Sikumwambia kwamba nilikwisha kuyasoma haya
Ngulia, nikiwa na miaka tisa, nyuma ya kaptura ya Baba,
askari wa wanyamapori, bunduki moja, daftari moja:
upepo uwe usoni,
usisimame mahali mbingu inakuona,
jua utakapokimbilia kabla hujatazama.
Humo daftarini aliwaandika wote waliobaki,
mmoja mmoja, kwa mikato ya masikio.

Jumapili nilimpigia Mama
kutoka chumba cha kufulia, kambini Tidworth,
mashine zikizunguka na soksi za kikosi kizima.
"Kazi yako hasa ni nini huko?"
"Naua vifaru."
Kimya. Nikasikia sufuria ikifunikwa.
"Kwani Ulaya wapo?"
"Si wale, Mama. Ni vile."
"Vile vipi?"
"Vya chuma."
Akacheka mpaka akakohoa.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
"Vina pembe?"
"Moja. Ndefu. Mbele."
"Basi," akasema, "ni wale."

Leo shabaha ni gofu la miaka thelathini,
limeuawa mara nyingi kuliko paka wa hadithi.
Ndege wamejenga kwenye tundu la dereva.
Tunapanda taratibu, Rowse anaacha injini ikinong'ona.
Umbali. Upepo. Ruhusa.

Linatoka.
Nyuma yake uzi, mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
na mkono wangu unasafiri ndani ya uzi ule.
Sekunde kumi na mbili.
Ukipepesa, umeua nyasi.
Nane. Mvua inaniingia kwenye ukosi, iingie.
Tano. Kuna kitu kinatambaa shingoni, kitambae.
Hakuna anayekufundisha
urefu wa sekunde unapokuwa umeshika uzi
na upande wa pili hawajui.
Mbili.

Rowse hakungoja mwangwi.
Tulikwisha kuwa bondeni, magurudumu yakirusha chaki,
Naivalu akiimba kitu cha kanisani kwao Fiji,
wakati sauti ilipotufikia, imechelewa kama polisi.

Jioni tulitumwa kukusanya uzi
ng'ombe wa watu wasije wakaumeza.
Niliufuata nikiuzungushia kiganjani,
mita kwa mita, mpaka nikafika kwenye ubavu.
Palikuwa na joto bado.
Ndege hawakuwapo.
Kifuniko cha mnara, upande wa kushoto,
kilikuwa kimechanika pembeni.

"Jaza fomu," Pocock akapiga kelele kutoka kwenye lori.
Nikajaza: mita elfu moja mia nane na hamsini,
upepo wa magharibi, kombora moja.
Chini palibaki mstari wa maelezo mengine.
Nikaandika kwa lugha yetu,
kalamu ikikwama kwa baridi:
Sikio la kushoto, mkato mmoja.
Hakukimbia.